Robo Nyekundu za Baa ya Verna

Harnisch, Wisconsin
6 Septemba 1987

Mpwa wangu Marlys,

Kwanza kaa chini. Kama uko kwenye kile kibanda chako cha tiketi, funga dirisha, feri isubiri. Mjomba wako ameokota fedha.

Sisemi fedha ya karatasi, hiyo hata mjinga anaokota. Nasema madini. Alhamisi nimetoka kupeleka maziwa kiwandani, nikaegesha lori kwenye duka la Koop ninunue soseji na tumbaku. Ilse akanipa chenji. Unamjua Ilse, anakumwagia chenji kwenye kaunta kama anayelisha kuku. Zikaanguka sarafu tatu za robo dola. Mbili zikalia kama vifuniko vya chupa. Ya tatu ikaimba.

Nikamwambia, "Ilse, usiguse hapo."

Akasema, "Chenji ni yako, Ervin, nani ana shida nayo?"

"Ungekuwa na masikio usingeniachia."

"Ningekuwa na masikio ningekuwa nimehama siku uliyoanza kuja hapa."

Nikaigeuza ubavu. Nyeupe pande zote, hakuna ule mstari wa shaba. Mwaka 1961. Robo zote za kabla ya sitini na tano ni fedha, zilizofuata ni takataka iliyopakwa juu, nimekufundisha hayo tangu hujaota meno ya mbele. Watu wa vyuo wanatumia darubini. Mimi nimeishia darasa la nane, natumia sikio. Mwaka ule wa maonyesho ya mifugo ya Antigo walinifunga kitambaa machoni, wakaangusha robo arobaini nyuma ya ng'ombe, nikataja za fedha zote bila kukosa, na ng'ombe alikuwa anakojoa.

Hii ina rangi nyekundu kichwani kwa rais, sijui mtu alikuwa anacheza nini. Nimekubandikia kwenye kadi. Kaa nayo, ni zawadi. Sipigi simu kwa sababu laini yetu bado tunaitumia nyumba tano pamoja, na Bi Esther wa jirani anajua habari za tumbo langu kabla sijazijua mimi.

Mjomba wako mwenye masikio,
Ervin Zastrow


Bremerton, Washington
15 Septemba 1987

Mjomba Ervin,

Bahasha imefika. Niliifungua kazini na sikuuza tiketi kwa dakika tano, watu wakaanza kupiga honi.

Unasema hujui mtu alikuwa anacheza nini? Mjomba, ulikunywa kwenye baa ya mama miaka kumi na minne. Hiyo ni robo ya nyumba. Mimi na kaka Dale ndio tuliokuwa tukizipaka, tumekaa juu ya kaunta na rangi ya kucha ya mama, yeye upande wa kichwa cha rais, mimi upande wa ndege tai. Baa ikipoa, mama anatupa moja tuitie kwenye sanduku la muziki ili watu wasikie muziki wa polka wakumbuke kuagiza. Mwenye sanduku akija kutoka Wausau kulifungua, robo nyekundu zinarudi kwa mama kwanza, ndipo wanagawana zilizobaki. Kila baa kule ilikuwa na zake. Za mama zilikuwa na rangi ile ya damu iliyoganda, hakuna mwingine aliyeitumia.

Na unajua zilikokuwa. Kwenye chupa kubwa iliyokuwa ya mayai ya siki, juu ya kabati la chumbani kwake, tangu alipofunga baa mpaka alipokufa. Siku ya mazishi tulikuwa wote kwenye ukumbi wa chini ya kanisa tunakula. Dale ndiye aliyekuwa na ufunguo wa nyumba, na alitoka katikati ya chakula, eti kuangalia boila ya kupasha nyumba joto. Niliporudi, juu ya kabati palikuwa na duara safi katikati ya vumbi. Asubuhi yake nilimwita mwizi uani mbele ya watu na sijazungumza naye tangu siku hiyo. Oktoba inatimia miaka mitatu.

Sasa inatoka kwenye droo ya Koop. Maana yake mtu ameanza kuzitumia. Muulize Ilse alipewa na nani. Wewe unajisifia masikio, sasa tumia na macho.

Marlys


Harnisch
24 Septemba 1987

Mpwa wangu,

Wewe ni mama yako mtupu. Mtu anakutumia zawadi, wewe unaipeleka mahakamani.

Hata hivyo nimefanya kazi. Nilikwenda kwa Koop nikasimama karibu na mapipa ya misumari kama mtu anayechagua misumari, saa nzima. Nimeona mengi. Mhubiri analipa kwa sarafu na hana haya. Yule jamaa wa Norway anayeuza asali ana pochi ya kike. Ilse nilipomuuliza alisema, "Ervin, kwa siku napokea robo mia tatu. Unataka na majina ya wazazi wao?" Nikaona macho yake yanakwepa. Mwanamke yule ana jambo. Tena tarishi naye simwamini, bahasha yako ilifika kama imefunguliwa kwa mvuke.

Halafu nisikilize. Nilipopita kwenye duka la mashine za kufulia nguo nikabadilisha dola ili nijaribu bahati, na huwezi kuamini, zikatoka mbili. Ya 1958 na ya 1964, zote nyekundu. Hizo hapo kwenye kadi. Mtu mwingine angetafuta miaka kumi asipate hata moja. Mimi nina mkono.

Huenda ni yule wa sanduku la muziki wa Wausau aliyebaki nazo, huenda ni za baa nyingine. Mimi nasema hivi, nani alizichukua kuna faida gani sasa? Zinarudi. Zikirudi moja moja mpaka ziishe, si yamekwisha? Weka kwenye chupa yako, mama yako atafurahi huko aliko.

Juzi nimevua samaki aina ya pike, mrefu kuliko kitanda cha wageni. Alikuwa amemeza bata.

Ervin


Bremerton
2 Oktoba 1987

Mjomba,

Hayajakwisha. Sizihitaji robo, nahitaji jina.

Huyo wa Wausau alikufa wakati baa bado iko wazi, wewe mwenyewe ulibeba jeneza. Na rangi ni ya mama, nimezilinganisha zote tatu kwenye mwanga wa dirisha.

Binamu Joyce ameniandikia kwamba Dale anataka kupewa gereji ya mabasi ya shule, awe mkubwa wa madereva, na kamati ya shule inakutana mwezi ujao. Watoto wa watu, funguo za watu. Kama kaka wa mtu anaweza kuiba kwa mama yake aliyelala kwenye jeneza, kamati inafaa ijue. Sipendi kusema hivyo. Nimekuwa nikisema moyoni kwamba labda nilimwonea, mpaka bahasha yako ilipokuja.

Swali ni moja. Dale ananunua kwa Koop? Anafulia kwenye zile mashine? Jibu ndiyo au hapana, usiniletee samaki.

Marlys


Harnisch
10 Oktoba 1987

Marlys,

Unauliza kama polisi. Kila mtu ananunua kwa Koop, kuna duka gani lingine, labda aende Antigo kwa ajili ya mkate? Na ndiyo, mashine ya kufulia ya Dale iliharibika, anafulia pale Jumamosi. Lakini hata mimi nafulia pale. Hata mhubiri.

Kwa hiyo sisemi ndiyo na sisemi hapana. Nasema nimemwona, basi. Jumamosi alikuwa na chenji nyingi mfukoni, suruali inamwelemea upande mmoja. Nikamuuliza, "Umebeba nini, mawe?" Akaupiga mfuko. Akasema, "Robo, Mjomba. Unapenda robo, sivyo?" Halafu akacheka, lakini kile kicheko hakikuwa kizuri. Tangu hapo sijakipenda.

Lakini hiyo si kitu. Dale ni Dale. Wewe acha tu.

Nimepata nyingine kwenye pampu ya mafuta, 1953, ina alama ya kiwanda cha San Francisco chini ya tai. Hiyo wenye maduka ya sarafu wangenilamba viatu. Nimekubandikia.

Ervin


Bremerton
19 Oktoba 1987

Mjomba Ervin,

Asante. Nilichotaka kujua nimekijua.

Nimemwandikia sherifu barua leo. Nimemweleza kuhusu chupa, ufunguo, Koop, mashine za kufulia, na suruali inayoelemea. Nimesema wewe ni shahidi. Nadhani atakwenda nyumbani kwa Dale kabla ya kamati kukutana, na atapita kwako achukue maelezo yako kwa maandishi. Uwe na tarehe zako tayari.

Marlys


Harnisch
23 Oktoba 1987
HARAKA

Marlys mwanangu,

Umefanya nini?

Mwandikie tena huyo sherifu leo hii, mwambie ulikuwa na homa. Nimelipia stempu ya haraka, sijawahi kulipia stempu ya haraka hata siku tulipopoteza ng'ombe saba. Dale hakuchukua chupa. Nakuambia hakuchukua. Alikwenda kuangalia boila kweli, ilikuwa inagonga, hata mimi niliisikia.

Hiyo suruali ilikuwa na boliti za basi. Niliandika vibaya, mkono wangu unateleza ninapoandika haraka. Usimharibie kijana kazi, ana watoto wawili na yule mkewe anayeumwa mgongo. Hao wa kamati ni watu wa kunusa, wakimwona sherifu amesimama kwa mtu kuuliza njia tu, mtu huyo amekwisha.

Usiniulize najua vipi. Najua.

Nimeshinda leo nikitazama barabara. Kila gari jeupe kama la sherifu likipita nazima redio.

Ervin


Bremerton
29 Oktoba 1987

Mjomba,

Sikumwandikia sherifu. Wala sikukusudia. Nilitaka kuona ungeandika nini.

Sasa nikuambie kitu kuhusu kazi yangu, maana unadhani masikio ni yako peke yako. Kwenye kibanda hiki robo zinapita mkononi mwangu kwa ndoo. Najua robo iliyotoka benki, najua iliyotoka kwenye kibubu cha mtoto, najua iliyokaa mfukoni pamoja na funguo. Mara nyingine wanafunzi wanapaka zao rangi ya kucha kwa utani. Zinarudi kwangu. Baada ya wiki moja pua ya rais imeshachubuka. Baada ya mbili imebaki nyekundu kwenye mikunjo ya herufi tu.

Zile nne ulizonitumia eti zimepita kwa Koop, kwenye mashine za kufulia, kwenye pampu ya mafuta, na hazina hata mkwaruzo. Rangi imejaa mpaka ukingoni. Upande wa tai kuna alama ya kidole cha mtoto. Nimeweka changu juu yake, hakienei tena.

Hazijawahi kuingia kwenye droo ya mtu. Zimetoka kwenye chupa moja kwa moja mpaka kwenye bahasha.

Uliniacha niamini ni ndugu yangu. Mara ya kwanza, asubuhi baada ya mazishi, ulikuwa umekaa ndani ya lori lako unatazama. Mara ya pili ulinisaidia, kwa hiyo suruali.

Andika ukweli, au hiyo barua ya sherifu itaandikwa kweli na jina litakuwa lako.

Marlys


Harnisch
8 Novemba 1987

Marlys,

Hii ni barua ya tano, nne nimechoma kwenye jiko.

Chupa iko kwangu, chini ya meza ya kufanyia kazi, nyuma ya minyororo ya theluji.

Miaka yote ile kwenye baa ya mama yako nilikuwa nawaambia watu kwamba kwenye robo za Verna kuna moja ya 1932 yenye herufi D ya kiwanda cha Denver. Unajua hiyo ni robo gani, watu wanaisaka maisha yao yote. Nilisema nimeiona. Sikuiona, nilisema tu, halafu nikarudia mara nyingi mpaka nikawa nimeiona. Mama yako alikuwa anacheka. "Ervin, siku nikifa utaitafuta wewe." Basi alipokufa, niliondoka kanisani nikaenda kuitafuta. Boila ilikuwa imemwita Dale chini, mlango uko wazi, nikapanda juu nikachukua chupa. Nia yangu nikae nayo usiku mmoja, asubuhi niirudishe na nije kifua mbele niseme, jamani, hii hapa, nani alisema Ervin ni mwongo.

Na ilikuwepo, Marlys. Sikuamini. Mwaka 1932 ulionekana chini ya rangi. Lakini chini ya tai mama yako au wewe mlikuwa mmepaka nene, kuna kitu kimejificha, sioni kama ni herufi au ni tone. Mtu mwenye akili angeiloweka kwenye dawa ya kuondolea rangi akangoja. Mimi nimefundisha kaunti nzima kwamba sarafu ya zamani haisuguliwi. Nikachukua waya wa kusugulia masufuria.

Ilitoka inang'aa kama kijiko. Hakuna herufi. Hakuna hata manyoya ya tai. Mpaka leo sijui kama niliifuta Denver au nilifuta tone la rangi.

Asubuhi nilikuja na chupa kwenye lori. Kweli nilikuja. Nikakukuta uani unampigia Dale kelele, umeshasema neno lile, na watu wamejaa. Nikawaza, nikishuka na chupa hii nitasema nini, na hiyo moja nitaionyeshaje. Nikasema ngoja wapoe. Hamkupoa. Kila mwaka ulivyopita chupa ilizidi kuwa nzito.

Mwaka huu nikapata wazo la kuzirudisha kwa njia ya chenji. Ukizipata moja moja utadhani ni bahati, ungefurahi, na hasira ingepungua. Nilijiona nina akili sana. Sikufikiri ungemwona Dale ndani ya kila moja. Na ulipomwona niliogopa, nikakuachia umwone.

Sina cha kujisifia hapa. Sema nifanye nini.

Ervin


Bremerton
14 Novemba 1987

Mjomba,

Kamati inakutana tarehe 24. Kabla ya hapo utakwenda kwa Dale na chupa mkononi, mchana, kwa miguu yako. Utamweleza kama ulivyonieleza mimi, pamoja na suruali. Usimpe hadithi kwanza.

Mimi namwandikia leo. Nimekaa na karatasi tangu chakula cha mchana na nimeandika jina lake tu.

Marlys


Harnisch
1 Desemba 1987

Marlys,

Barua yako ilifika Jumatano. Mjomba alifika Alhamisi.

Nilikuwa chini ya basi namba sita. Niliona viatu vyake vinasimama, halafu nikasikia chupa inawekwa kwenye sakafu ya saruji. Akasema, "Dale, toka huko, nina jambo."

Nikasema, "Liseme hapo hapo, nashika bomba la ekzosi."

Akalisema lote. Hakuongeza kitu, ndiyo maana nilijua anaumwa. Alipomaliza nikamwambia, "Mjomba, mimi nilikuona."

Viatu vyake vikarudi nyuma hatua moja. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yake.

Nilimwona, Marlys. Siku ile ya mazishi nilipanda kutoka kwenye boila, nikamwona kupitia dirisha la jikoni anashuka ngazi za nje na kitu ndani ya koti, anatembea kama mwanamke wa miezi tisa. Nilijua ni chupa. Nilijua vilevile kwamba hataiuza. Nilidhani ataileta kesho yake na maneno mengi, kama kawaida yake.

Mjomba akaniuliza, "Kwa nini hukusema? Miaka mitatu yote hii?"

Nikamwambia, "Hukuwa wewe niliyekuwa namngoja."

Niliyekuwa namngoja ni wewe. Uliniita mwizi pale uani, majirani wamesimama na vyombo vyao vya chakula, na mimi nilikuwa na jibu mdomoni. Ningesema neno moja tu ungeomba radhi. Lakini ungeniomba radhi kwa sababu ya chupa. Nilitaka unitazame usoni useme, huyu ni Dale, hawezi. Nikajipa wiki. Halafu nikajipa mpaka Krismasi. Halafu nikazoea.

Umeandika kwamba umethibitisha sikuchukua, na umeeleza kwa kurasa mbili rangi inavyochubuka. Ni kazi nzuri. Ungekuwa sherifu ningekupigia kura. Lakini nimeisoma mara tatu na mahali uliposema umeniamini sijapaona. Umeamini rangi.

Sikuandikii kukuumiza. Kamati imenipa gereji, kura nne kwa moja, na yule mmoja alikuwa amelala. Mjomba alikwenda mwenyewe kukaa mstari wa nyuma kwenye mkutano, amevaa tai. Ilse alidhani kuna mtu amekufa. Nyumbani watoto wameimwaga chupa mezani, wanauliza ile moja inayong'aa ni ya nini. Nimewaambia waulize babu yao Ervin. Nataka nisikie atawajibu nini.

Unasema utakuja Krismasi. Usije Krismasi. Krismasi kila mtu anakuja, kuna nyama, kuna zawadi, watu wanasameheana kwa sababu ya sherehe. Njoo Februari. Hakuna kitu hapa Februari, barabara kutoka Wausau ni barafu tupu, na itabidi nije kukuchukua kwa basi la shule kwa sababu gari langu halitapita. Ni mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na hita inafanya kazi upande mmoja tu.

Tutakaa upande huo.

Dale